Mita Nne Ndani ya Ukuta

Daftari langu la kazi lina mistari niliyoipiga kwa rula hata kwenye kurasa ambazo sikuandika kitu. Nikikosea neno silifuti. Nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Nasema hili mapema ili anayesoma ajue aliyefanya nilichokifanya ni mtu wa namna gani. Si mvivu. Mvivu angesamehewa kwa urahisi zaidi.

Nilizaliwa upande wa Musumba, ambako umeme ulikuwa habari ya watu waliosafiri. Nilikuja Kolwezi kuchimba kama vijana wengi, nikashuka shimoni kule Mutoshi mara mbili tu. Mara ya tatu miguu ilikataa. Wenzangu waliniita bibi harusi, kwa jinsi nilivyokagua kamba fundo kwa fundo kabla ya kuishika. Nikaacha shimo, nikaanza kutengeneza chaja za simu, kisha pasi, kisha nyumba nzima. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma vitabu vya Kifaransa vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwenye simu, na neno nisilolielewa niliandika kiganjani hadi nimpate wa kumuuliza. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu moja isiyomtoka: kwamba siku moja atakuja aliyesomea shuleni, ataangalia kazi yake, na atacheka.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya ghorofa, kando ya barabara ya malori yanayoelekea Kingamyambo. Mwenyewe ni mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mtu wa malori na biashara. Sote tulimwita Hadji. Vyumba vya juu alitaka kuvipangisha kwa kampuni ndogo iliyokuwa ikileta madereva na mafundi wa mgodini. Kampuni ilikubali kwa sharti moja: nyumba iwe na king'ora cha moto, na kabla mtu hajalala humo, bwana wao wa usalama aje akague.

Hadji alinipa karatasi za masharti. Zilikuwa za Kifaransa kigumu, nami nikakaa nazo siku tatu nikizigeuza Kiswahili katika daftari. Sharti moja nililipenda hata nikaliandika kwa wino mwekundu: *Waya wa king'ora upite katika tiyo yake peke yake. Usilale kitanda kimoja na waya wa nguvu.* Tiyo ndilo jina letu la yale mabomba membamba ya plastiki yanayofichwa ukutani ili nyaya zipite ndani yake. Sababu ya sharti niliielewa vizuri, na ni lazima niseme hivyo, nisije nikajificha nyuma ya ujinga. Waya wa nguvu ukibeba mzigo mkubwa ghafla, kama pampu ya maji inapowaka, waya uliolala pembeni yake unashtuka. King'ora kinadhani kimeitwa. Tena moto ukiyeyusha waya mmoja, unayeyusha na mwenzake.

Kazi ile niliifanya kama mtu anayesali. Tiyo za king'ora nilizipaka rangi nyekundu, nikazinyoosha darini kwa uzi. Aliyenishikia ncha ya pili ya uzi ni mama aliyeitunza nyumba, mjane wa makamo aliyefua na kupiga pasi mashuka, na aliyetupikia wajenzi wote bukari, ndiyo ugali wetu. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani. Siku moja nilimfanya ashike uzi ule mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikasema tuanze tena.

"Weye fundi," alisema, "siku utaoa, bibi yako atalala chini. Kitanda utakuwa ungali unakipima."

Wajenzi walicheka hadi wakaweka chini karai za zege. Nami nilicheka. Kuanzia siku hiyo aliniwekea sahani yangu kando, samaki wadogo wakiwa wamepangwa kwenye mstari ulionyooka, kunidhihaki.

Zilibaki mita nne. Juu, kati ya ngazi na chumba cha kupigia pasi, waya ulipaswa kupita ndani ya ukuta ambao wajenzi walikwisha kuufunika kwa plasta. Walikuwa wamelaza tiyo mbili humo tangu mwanzo, moja ya nguvu na moja ya king'ora. Nilisukuma waya wa kuvutia katika tiyo ya king'ora, ukakwama. Nikazunguka upande wa pili, ukakwama. Simenti ilikuwa imeingia ndani na kukauka.

Ilikuwa alasiri, na bwana wa usalama alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Tindo na nyundo vilikuwa katika mfuko wangu. Kupasua ukuta, kubadilisha tiyo, kupiga plasta upya, haikuwa kazi ngumu. Ningeweza kumaliza kabla ya giza. Lakini ukuta ule nilikuwa nimeusugua mwenyewe kwa msasa mpaka ukawa laini kama ganda la yai, na ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa siku mbili zilizopita. Plasta mbichi ingekaa katikati yake kama kovu, na bwana yule angeliona kovu kabla ya kitu kingine chochote. Angeuliza. Ningelazimika kusema kwamba sikuzijaribu tiyo kabla ya kufunikwa, jambo ambalo fundi wa shule hufanya siku ya kwanza.

Tiyo ya nguvu, pembeni, ilikuwa na nafasi.

Nilivuta nyaya za king'ora humo, zikalala na nyaya za pampu na za pasi. Zilipita kama maji. Kisha nikavika kipande cha tiyo nyekundu kila upande, pale nyaya zilipotokeza, hata mtu akiangalia huku na huku aone nyekundu inaingia na nyekundu inatoka.

Bwana wa usalama alikuja, akaangalia huku na huku. Aliwasha karatasi chini ya kidude kimoja cheupe cha darini, vile vinavyonusa moshi, na king'ora kikalia nyumba nzima. Alimwambia Hadji, mbele yangu, kwamba hata mgodini hajaona mistari iliyonyooka namna hiyo. Nilitabasamu. Kati ya yote niliyoyafanya, ni tabasamu lile ninalolikumbuka nikiwa peke yangu.

Madereva walihamia. Wiki haikuisha, umeme ukakatika, kama ulivyo umeme wetu. Uliporudi, pampu ya maji ikajiwasha, na king'ora kikalia. Watu walitoka mbio na taulo viunoni. Hakukuwa na moto. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hadji aliniita, nami nilijua sababu kabla sijafika getini. Nilifungua kisanduku cha king'ora chini ya ngazi, nikagusagusa skrubu ambazo hazikuwa na kosa, nikamwambia mashine bado mpya, itazoea. Maneno yalikuja yenyewe. Aibu ina ulimi mwepesi.

Nilikusudia kurudi na kupasua ukuta. Mara moja nilifika na tindo kabisa, nikamkuta Hadji akimwonyesha mgeni vyumba, amesimama mbele ya ukuta ule ule na kiganja juu yake. Nikasema nimepita kusalimia.

Kisha likatokea jambo ambalo sijui kama lingeweza kutokea mahali ambapo umeme haukatiki. Watu wakakipenda kile king'ora. Huku kwetu umeme unarudi saa usiyoijua, unakaa muda usioujua, na mtu anayechelewa kuchomeka simu yake anaweza kukaa siku mbili bila simu. Sasa nyumba ile ilikuwa na kitu cha kuwaambia. Kikilia, madereva waliokuwa uani walikimbilia vyumbani na chaja mkononi. Majirani wa nyuma ya ukuta waliwasha mashine yao ya kusaga mahindi. Yule mama alikuwa akitoka jikoni, anabonyeza kitufe cha kukinyamazisha pale chini ya ngazi, anachukua kikapu cha mashuka na kupanda juu kupiga pasi kabla umeme haujabadili mawazo. Alikiita jogoo yangu.

"Jogoo yako leo haijawika, fundi," aliniambia siku moja. "Mi niko na mashuka ya juma zima. Uiambie basi."

Nilimwambia Hadji, safari hii kwa nia njema kiasi, kwamba ningependa kukirekebisha. Alijibu nikiache kwanza, watu wamekizoea, na kampuni haijalalamika. Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa nafuu. Kosa langu lilikuwa limegeuka huduma. Hata nilianza kulisimulia kama kichekesho, bila kutaja zile mita nne.

Lakini hofu haikulala. Siku nyingine nilikuwa nakula pale jikoni, mama yule amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anachambua maharagwe. Nikamwambia ghafla, "Mama, siku moja itakuwa moto kweli."

Aliacha kuchambua. "Siku ile mi nitajua namna gani?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, nami nikasimama mbele yake. Ningeweza kusema: mama, kuna mita nne juu pale, nipe siku mbili. Nilimjibu kwamba moshi una harufu.

"Jiko yangu ni ya makala," alisema, yaani mkaa. "Harufu ya moshi iko ndani ya nywele yangu tangu nazaliwa." Akacheka kile kicheko cha puani, akarudi kwenye maharagwe yake.

Siku yenyewe sikuwapo. Nilikuwa juu ya ngazi katika nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, simu ikalia mfukoni. Ninachokijua nilisimuliwa na mlinzi wa geti, na nimemwomba anisimulie zaidi ya mara moja.

Asubuhi umeme ulikatika wakati dereva mmoja akipika chai kwenye jiko la umeme chumbani mwake, chumba cha kwanza juu, karibu na ngazi. Alingoja, akachoka, akaenda kazini na jiko halijazimwa. Blanketi lilining'inia kitandani. Mchana umeme ulirudi. King'ora kikalia, mama akatoka jikoni, akakinyamazisha. Hakupanda mara moja kwa sababu maharagwe yake yalikuwa yanakaribia kuiva. Baada ya muda mfupi kikalia tena. Mlinzi alimwona akifuta mikono kwenye kitenge, akamsikia akisema, "Ilikatika, inarudi tena. Leo inacheza na sisi." Alibonyeza kitufe. Alichukua kikapu cha mashuka, akapanda.

Mchana hakuna anayeangalia balbu kujua kama umeme ulikatika kweli. Mlinzi naye alisikia, na kitu alichofanya ni kuchomeka simu yake.

Chumba cha pasi kiko mwisho wa korido. Pengine mlango wa dereva ulikuwa bado umeuzuia moshi alipoupita. Pengine aliinusa harufu na kudhani ni maharagwe yake. Mlango wa dereva ulipoungua na kuachia, moshi ulikuwa kati yake na ngazi. Dirisha la chumba kile lina nondo za kuzuia wezi. Walimkuta chini ya dirisha, shuka mdomoni. Hakuungua hata kidogo. Aliishi siku mbili hospitalini bila kusema neno, na siku ya tatu dada yake mkubwa alitoka wodini akiwa amefunika kichwa kwa kitenge.

Nilidhani watu watanijia. Hakuna aliyekuja. Hadji ndiye aliyenijia, siku ya kwanza ya matanga, na karatasi ya bwana wa usalama mkononi. Ilisema king'ora kilifanya kazi kama ilivyotakiwa. Ilisema marehemu alikisikia, akakizima kwa mkono wake mwenyewe, akapanda kuelekea kwenye hatari. Kosa la kibinadamu.

"Weye uko safi," Hadji aliniambia, akinishika bega. Alikuwa analia, na alikuwa anadhani ananipa zawadi.

Nilikwenda matangani jioni ile. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba ya dada wa marehemu, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Maneno yalikuwa yamekwisha kuoza. Mmoja alisema marehemu alikuwa na pesa zake juu, alizifuata. Mwingine alisema aliacha pasi imewaka. Mtu wa tatu alinong'ona habari ya bulozi, yaani uchawi, kwamba kuna mkono uliomwita apande, kwa sababu mtu mwenye akili zake hasikii king'ora cha moto na kuufuata moto. Kisha mzee mmoja akamuuliza dada yake, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, kama marehemu alikuwa anakunywa.

Dada yake alikuwa ameshika ndala za marehemu mapajani, anaondoa tope kavu kwenye kamba zake kwa ukucha.

Jina langu lilikuwa safi na lake lilikuwa likichafuka mbele yangu, na nilijua vitu viwili hivyo ni kitu kimoja. Niliondoka bila kuaga. Ningependa kuandika kwamba nilirudi usiku uleule. Nilirudi kesho yake mchana, baada ya kuandika maneno yangu katika daftari mara nyingi na kuchana kurasa zote.

Nilimwita dada yake pembeni ya turubai. Nikamwambia marehemu hakukosea, king'ora ndicho kilichokosea, kwa sababu ya namna nilivyopitisha nyaya. Nikaanza kueleza pampu, tiyo, nyaya zinavyoshtuka. Nilikuwa najificha tena, safari hii nyuma ya ujuzi. Alinikatiza.

"Maneno ya bafundi mi siyajue. Unionyeshe."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Hadji alitukuta ngazini. Korido ilikuwa nyeusi, dari imemwagika sakafuni kama ngozi, lakini ule ukuta wangu ulikuwa umesimama, mweusi kutoka juu hadi usawa wa kiuno, na chini yake rangi ya maziwa bado laini. Nilitoa tindo. Hadji aliuliza ninatafuta nini katika ukuta pekee uliosalimika. Nilimwambia. Alikaa kwenye ngazi mpaka nilipomaliza.

Plasta ilitoka kwa urahisi. Niliifungua tiyo ya nguvu kwa kisu, nikamwonyesha dada yake nyaya: nene za pampu na za pasi, na katikati yake zile mbili nyembamba za king'ora. Nilimwambia hizi hazikutakiwa kulala humu. Kitanda chao ni hiki cha pembeni. Kisha nikapasua tiyo ya pembeni kutafuta mahali palipoziba.

Muda wote uliopita nilikuwa nimejiambia kwamba imeziba yote. Nilikuwa nimeiona akilini, mita nne za zege gumu. Kizibo cha simenti kilikuwa kifupi kuliko kidole changu cha gumba. Kwa pigo moja la nyundo kilianguka sakafuni, na tiyo iliyobaki ilikuwa tupu, safi, hata vumbi haina.

Dada yake aliinama akakiokota.

"Ni hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hii tu?"

Alikifunga kwenye pindo la kitenge chake, mahali wanawake wanapofunga noti zao za sokoni, akakaza fundo kwa meno.

"Utakuja kusema," alisema. "Leo, mbele ya batu, kabla hawajatoa turubai. Usiseme tiyo. Sema jina yake, sema hakukosa, alafu sema ni nani."

Nilisema. Nilisimama kwenye ukingo wa turubai, mikono imejaa vumbi la plasta, nikasema jina lake, ambalo hapa siliandiki, nikasema hakukosa, nikasema ni mimi. Nilisema pia alichoniuliza jikoni, na nilichomjibu. Mzee aliyeuliza habari ya pombe aliangalia viatu vyake. Kijana mmoja, mtoto wa ndugu yake, aliinuka kunijia, na dada wa marehemu akamwambia kaa. Hakusema amenisamehe, wala baada ya hapo hajasema. Aliwaambia wanawake walete chakula cha wageni. Hakuna aliyeniambia nile, wala hakuna aliyeniambia niondoke, nikabaki nimesimama mpaka sahani zikakusanywa.

Kampuni ilihamisha watu wake. Hadji alimtafuta fundi mwingine, mtu aliyesomea shuleni, naye akapasua kuta zote na kuvuta kila kitu upya. Nasikia alipoona mistari yangu ya darini alisifu. Mimi sasa natengeneza chaja na pasi. Nimekataa nyumba mbili.

Njia yangu ya sokoni inapita pale. Juzi umeme ulirudi nikiwa mbele ya geti. Nilijua kwa sababu redio ya kinyozi wa ng'ambo iliamka katikati ya neno. Ndani ya nyumba ya Hadji hakikulia kitu. Mwanamke mpya alikuwa uani anaanika mashuka, na mashine ya kusaga ya majirani ilikuwa kimya. Ilichukua muda mrefu kabla mmoja wao hajatambua kwamba umeme umerudi.